Bahari Iliyomaliza Kabla ya Mwimbaji: Mwaka Nilioongoza Opera, Nikatengeneza Video Yake na Kuendelea Kufundisha

Nilipokubali kuongoza opera, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimefanya sanaa ya video kwa miaka 10 na kufundisha katika chuo cha sanaa nchini Ujerumani kwa miaka 4, lakini sikuwa nimewahi hata siku moja kumwelekeza mtu anayeimba. Nilizaliwa Tanga, nikaja Ujerumani kusoma, na kazi zangu nyingi zilikuwa video za bahari, bandari na watu wanaongoja vyombo, zikioneshwa katika kumbi za sanaa ambako mtazamaji huingia na kutoka apendavyo. Jumba moja dogo la maonesho liliponiomba niongoze Dido and Aeneas ya Henry Purcell, mtunzi Mwingereza wa karne ya 17, nitengeneze video yake na kuwashirikisha wanafunzi wangu, niliona kazi zangu tatu zimekutana mahali pamoja. Nayaandika haya kwa sababu tangu wakati huo wasanii vijana kadhaa, wakiwemo wa Dar es Salaam na Nairobi, wameniuliza namna ya kuifuata njia hiyo, na kila nilipowajibu kwa simu niligundua kwamba nayaruka yale yaliyoniumiza zaidi.

Opera yenyewe ilichaguliwa vizuri. Inachukua takriban saa moja, waimbaji wake wakuu ni wachache, na onyesho lake la kwanza linalojulikana lilifanyika katika shule ya wasichana ya Josias Priest huko Chelsea, London, kabla ya mwaka 1689 kwisha. Kwa mwalimu, kujua kwamba kazi hiyo iliwahi kuwa mikononi mwa wanafunzi kunampa ujasiri. Kisa chake kinatokea Afrika: Dido ni malkia wa Carthage, karibu na mji wa leo wa Tunis, anayempokea Aeneas aliyeukimbia mji wa Troy ulioteketea, anampenda, kisha anamwona akipakia merikebu zake na kuondoka. Mtu aliyelelewa pwani, akawaona wanawake wakihesabu miezi ya kaskazi na kusi ili wajue jahazi lipi linarudi lini, hahitaji kueleweshwa majonzi ya namna hiyo. Niliamini kwamba kwa kuwa nimekielewa kisa, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo.

Kosa la kwanza nilifanya kalamu ikiwa mkononi. Mkataba ulitaja malipo ya mwongozaji peke yake, na video ikaandikwa katika sentensi moja kama sehemu ya uongozaji, nami nikatia sahihi kwa furaha bila kuuliza. Baadaye nilipohesabu saa nilizopiga picha, kuhariri na kupanga projekta, nikakuta kazi ya video ilizidi ya uongozaji, na hiyo yote sikulipwa hata senti. Sasa nadai mikataba miwili, au angalau mafungu mawili yaliyoandikwa wazi katika mkataba mmoja, na kipengele kinachosema nani anamiliki picha baada ya maonesho kwisha. Ni kawaida katika majumba mengi ya maonesho ya huku malipo kutolewa kwa mafungu matatu: moja mpango wa onyesho unapokabidhiwa, la pili mazoezi yanapoanza, la tatu usiku wa onyesho la kwanza. Mimi sikuuliza tarehe, kwa hiyo nililipia safari ya kupiga picha kwa akiba yangu. Muziki wenyewe hauna mwenye haki, kwani Purcell alifariki mwaka 1695, lakini nota zilizosafishwa na wahariri wa leo, pamoja na sehemu ya kila ala, hununuliwa au hukodiwa. Mtu aulize mapema ni nani anayezilipia; mimi nilidhani ni bure, nikajikuta nanunua nakala za kwaya kutoka mfukoni.

Kwa msanii anayejitegemea Ujerumani, kuna jambo ambalo nililichelewesha kwa miaka miwili na ningependa mwingine asilicheleweshe, nalo ni kujiandikisha katika Künstlersozialkasse, mfuko wa bima ya jamii wa wasanii na waandishi unaofanya kazi tangu 1983. Msanii huchangia nusu ya bima ya afya na ya uzeeni, na nusu nyingine hutoka kwa serikali na kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii. Nilipougua kifua katikati ya mazoezi ndipo nilipoelewa thamani yake. Fomu ni ndefu, zinataka ushahidi wa kazi kama mikataba, ankara na matangazo ya maonesho, kwa hiyo kila karatasi ihifadhiwe tangu kazi ya kwanza.

Julai nilikwenda Tanga kupiga picha za bahari. Nilikaa wiki 3, nikiamka kabla ya alfajiri kwenda ufukweni ambako wavuvi hushusha samaki, na nilijitahidi kuomba ridhaa ya kila mtu aliyeonekana uso, nikimweleza kwamba picha yake itaoneshwa Ulaya, katika muziki wa kigeni, mbele ya watu asiowajua. Wawili walikataa, nami nikawafuta mbele yao. Sehemu hiyo ya kazi bado naiona ni safi. Kosa lilianza niliporudi na kukaa kuhariri, kwa sababu nilichukua rekodi moja niliyoipenda ya opera hiyo na kukata picha zangu juu yake, sekunde kwa sekunde, fremu 25 katika kila sekunde. Wimbo wa mwisho wa Dido, ule anaoagia dunia, niliupa bahari inayotulia polepole mpaka jahazi la mwisho linapotea kwenye upeo. Picha na sauti viliingiana vizuri mno. Nilimwonesha mwenzangu mmoja naye akalia, na machozi yake yakanihakikishia kwamba nimemaliza.

Miezi kadhaa kabla ya mazoezi, majumba ya Ujerumani hufanya kinachoitwa Bauprobe: mafundi husimamisha jukwaa la mfano kwa mbao na vitambaa ili mwongozaji aone vipimo halisi kabla fedha hazijatumika. Wanaitoa siku moja tu, na mimi niliipoteza. Nilikuja na kompyuta nikawaonesha video kwenye kioo chake, wote wakaisifu, tukaenda kula. Nilipaswa kuja na projekta, kuwasha taa za jukwaani, na kumsimamisha mtu mahali atakapokuwa Dido. Kitambaa nilichokichagua kilikuwa chepesi chenye matundu madogo, mfano wa chandarua, ambacho kikimulikwa kwa mbele hushika picha na kikimulikwa kwa nyuma humwonesha aliye nyuma yake. Upana wake ulikuwa mita 8 na kimo mita 4.5, yaani mita za mraba 36. Projekta ya chuo ilikuwa na lumeni 6,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga), na ukizigawa kwa eneo hilo unapata kama 167 kwa kila mita ya mraba. Katika studio yenye giza hiyo ni bahari ya kupendeza. Mbele ya taa zinazotakiwa ili uso wa mwimbaji uonekane hadi safu ya mwisho, ni ukungu. Hesabu hii ya darasa la tano sikuifanya mpaka wiki 2 kabla ya onyesho, tukalazimika kukodi projekta ya lumeni 20,000 kwa bei ya dharura, na fedha zikakatwa kwenye mavazi. Mshonaji wa mavazi hakunilaumu, lakini alinyamaza kwa siku nzima, na ukimya huo nilistahili.

Projekta kubwa ilileta shida nyingine. Feni yake ilivuma. Muziki wa Purcell hupigwa na ala chache za nyuzi na hapsikodi, ala ambayo sauti yake ni kama mvua ya manyunyu juu ya bati, na kutoka safu ya kumi mvumo wa feni ulisikika kuliko hapsikodi. Fundi mmoja mzee alitusaidia kuihamishia chumba cha nyuma, tukatoboa dirisha dogo la kioo na kubadilisha lenzi. Anayepanga video kwa ajili ya muziki wa ala tulivu aulize kelele ya projekta kabla ya kuuliza mwanga wake, na aulize itakaa wapi kabla kuta hazijapakwa rangi.

Sasa nizungumze kuhusu waimbaji, kwa kuwa hapo ndipo nilipomkosea mtu. Nilipenda kutumia kamera ya moja kwa moja ili uso wa Dido uonekane mkubwa juu ya kitambaa wakati anaimba, kama tunavyofanya katika video. Sikumwonesha kwanza. Katika zoezi la kwanza na kamera alitazama juu akauona mdomo wake wazi, ulimi, misuli ya shingo, vyote kwa kimo cha mita 4, mbele ya kwaya nzima. Alimaliza wimbo kwa heshima, akatoka, na nilimkuta ngazini akilia. Aliniambia kwamba amejifunza kwa miaka 15 kuutumia uso wake kutengeneza sauti itakayovuka okestra bila kipaza sauti, na mimi nimeufanya kuwa maonesho ya kitabibu. Niliomba radhi siku hiyo, na kesho yake niliomba tena mbele ya wale walioshuhudia. Uso wa mwimbaji wa opera uko kazini, nao umekusudiwa kutazamwa kutoka mbali. Tuliiondoa kamera ya uso, tukabaki na mikono yake, na tulichagua pamoja, yeye akiwa ameketi nami mbele ya skrini.

Nilianza hapo kuwatazama upya wasanii niliokuwa nikiwataja darasani kama mifano. William Kentridge wa Johannesburg, ambaye michoro yake inayotembea imeingia katika opera tangu Il ritorno d'Ulisse ya Monteverdi mwaka 1998 pamoja na vikaragosi vya Handspring Puppet Company, na baadaye The Magic Flute huko Brussels mwaka 2005, alikuwa amesoma uigizaji wa mwili katika shule ya Jacques Lecoq mjini Paris mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliujua mwili jukwaani kabla ya kuweka mchoro nyuma yake. Na Tristan und Isolde, opera ya Wagner, iliyooneshwa Paris mwaka 2005, ambayo picha zake nilizitazama kwa miaka mingi, ilikuwa na video ya Bill Viola lakini uongozaji wake ulikuwa wa Peter Sellars. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi majina hayo na tarehe hizo bila kujiuliza nani alifanya kazi ipi. Kwa hiyo nilimtafuta mwongozaji msaidizi aliyelelewa katika opera, nikamlipa kutoka fungu langu, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mwimbaji hapewi agizo jipya dakika anayoanza kuimba, kwamba mpiga piano wa mazoezi huulizwa kabla ya kurudia sehemu, na kwamba mapumziko ya sauti si uvivu.

Wanafunzi wangu walikuwa 9. Katika maombi ya fedha niliandika kwamba watajifunza kwa vitendo, na nilimaanisha hivyo, lakini kufikia wiki ya tatu walikuwa wakibeba nyaya, wakinunua betri na kunisubiri. Vipindi vitatu vya darasa nilivifuta kwa sababu ya mazoezi. Mwanafunzi mmoja aliacha somo kimya kimya, na mwingine, msichana mpole ambaye hakuwa amewahi kunipinga, alisimama akaniuliza: “Mwalimu, hapa tunajifunza nini?” Nilitaka kujitetea. Nilifungua kinywa na sikuwa na la kusema, kwa kuwa ukweli ni kwamba nilikuwa nimepunguza gharama za onyesho kwa migongo yao. Tulikaa jioni hiyo saa mbili nzima. Tulikubaliana kwamba kazi za kubeba na kununua zilipwe kwa saa, na kwamba kila mmoja awe na sehemu ya onyesho ambayo uamuzi wake ni wake, na jina lake liandikwe katika kijitabu cha onyesho pamoja na kazi aliyoifanya.

Sehemu nzuri kuliko zote ilitokana na makubaliano hayo. Mwishoni mwa kitendo cha pili, maandishi ya zamani ya opera hii yana maneno ya wachawi, lakini muziki wake haupo katika nakala zilizotufikia. Waongozaji wengi huliziba pengo hilo kwa kuazima muziki mwingine wa Purcell. Wanafunzi waliniomba niliache. Walitengeneza dakika 2 za video bila sauti yoyote, wakionesha vinywa vya wanakwaya vilivyofungwa, nyuma ya kitambaa kilichomulikwa kidogo tu, na wanakwaya walikubali kurekodiwa kwa sababu waliulizwa vizuri na watu wasiokuwa na haraka. Mimi nisingeligundua. Ningelijaza bahari.

Kisha likaja zoezi la kwanza la jukwaani pamoja na okestra. Dido alifika kwenye wimbo wake wa mwisho, nami nikabonyeza kitufe, na video yangu ikaanza kwenda kwa mwendo wa ile rekodi niliyoihariria. Usiku huo kiongozi wa okestra aliuchukua muziki taratibu zaidi, na mwimbaji, ambaye hatimaye alikuwa amejiamini, alivuta pumzi ndefu kabla ya maneno yake ya kuomba akumbukwe. Jahazi lilipotea kwenye upeo. Bahari ikatulia. Picha ikaisha, kitambaa kikawa cheusi, na yeye alikuwa bado ana sehemu nzima ya kuimba. Kiongozi wa okestra alisimamisha mazoezi akaniuliza kwa upole kama anapaswa kuharakisha. Nilisema ndiyo. Hilo ndilo neno ninalolijutia zaidi katika mwaka mzima, kwa maana lilimfanya mwanamke anayekufa aikimbilie video.

Usiku sikulala. Nilimpigia shangazi yangu Tanga, ambaye katika ujana wake aliimba taarabu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasikia sauti yangu akauliza nani amefariki. Nilimweleza. Akasema: “Mwanangu, mwimbaji hakatizwi. Sisi watu wakiinuka kuja kututunza tulikuwa tunaurudia ubeti, na fidla zinatungoja. Hiyo picha yako ina haraka ya kwenda wapi?” Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na pa kuanzia.

Asubuhi nilifungua nota badala ya kufungua programu ya kuhariri. Wimbo huo umejengwa juu ya besi, yaani mstari wa sauti za chini, ya mizani mitano inayoshuka hatua kwa hatua na kurudiwa mara 11, ilhali sauti ya Dido haifuati mipaka ya besi. Sentensi zake huanzia katikati ya mzunguko mmoja na kumalizikia ndani ya mwingine. Niliivunja video yangu vipande 11, kimoja kwa kila mzunguko, na mwisho wa kila kipande nikaacha mawimbi yanayoweza kuendelea kwa sekunde nyingi kadiri itakavyohitajika bila jicho kutambua kwamba yanasubiri. Mpiga selo, ile fidla kubwa inayopiga besi hiyo, humsikiliza mwimbaji, na picha ikimsikiliza mpiga selo, basi hakuna anayemkimbiza mwenzake. Jambo la lazima ni kwamba anayebonyeza kitufe ajue kusoma nota. Kuhesabu sekunde hakutoshi, na ishara kutoka kwa msimamizi wa jukwaa huchelewa kidogo, na kidogo hicho huonekana. Katika darasa langu aliyesoma nota vizuri alikuwa yule msichana aliyeniuliza wanajifunza nini. Nilimkabidhi kitufe, nami nikaondoka chumba cha video, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa kwa miaka 10 hakuna mtu aliyewahi kugusa muda wa kazi yangu isipokuwa mimi.

Niseme pia bila kuficha yale ambayo kijitabu cha onyesho hakisemi. Nilitumia euro 4,100 za akiba yangu, na zilizorudi ni chini ya nusu. Nilipungua kilo 6. Mwanafunzi aliyeacha somo hakurudi, ingawa nilimwandikia mara mbili. Mwaka uliofuata sikutengeneza kazi yoyote mpya ya video, na nilipunguza saa za kufundisha ili zile zilizobaki nizifundishe kweli. Nikiongoza opera nyingine, nami nataka kuongoza nyingine, video ataitengeneza mtu mwingine, au mimi nitatengeneza video na mtu mwingine ataongoza. Kazi zote mbili nikiwa pia na darasa, hapana.

Tulionesha mara 6. Usiku wa mwisho mwimbaji aliuchukua wimbo polepole kuliko siku zote, na kabla ya yale maneno yake alinyamaza kwa muda ambao nilianza kuogopa kwamba amesahau. Bahari ilisubiri. Mawimbi yaliendelea kuja na kurudi juu ya kitambaa, selo ikashikilia, kisha akaimba. Jahazi lilipotea katika mzunguko wa kumi na moja, nyuzi zikiwa peke yake, na mawimbi yakabaki mpaka kwaya ilipomaliza. Nilipanda chumba cha video kumshukuru mwanafunzi wangu. Alikuwa anakunja nyaya, na nota zake zilikuwa wazi mezani. Juu ya kila mstari wa Dido alikuwa amechora kwa penseli alama ya kila pumzi, kwa rangi sita tofauti, rangi moja kwa kila usiku, na hakuna usiku uliolingana na mwingine. Nilimwomba nakala ya kurasa zile. Ndizo ninazozibandika ubaoni siku ya kwanza ya kila muhula, kabla sijawasha projekta.